Kitufe Kinachobonyea

Siku Bi Mnyoosho alipotangaza kwamba anasafiri nje ya nchi, watu wote mezani walidhani ni mgonjwa.

Hawakukosea sana kufikiri hivyo. Katika ukoo ule waliowahi kupanda ndege walikuwa wa kuhesabika, na kila mmoja alikuwa na sababu inayoeleweka: huyu alipelekwa kutibiwa, yule alikwenda kusoma, mwingine aliitwa na mwanawe akamsaidie kulea kichanga. Bi Mnyoosho hakuwa na ugonjwa unaojulikana, shule alishaachana nayo tangu usichana, na wanawe wote wawili waliishi mitaa ya karibu, wangeweza kuja kwake kwa miguu bila kutoka jasho. Kwa hiyo binti yake, ambaye alikuwa mshonaji, aliweka kijiko chini taratibu, akamuuliza kwa sauti ya mtu anayejikaza kupokea habari mbaya:

"Mama, daktari amesema nini?"

"Daktari gani? Naenda likizo."

"Likizo kwa nani?" aliuliza mwanawe mkubwa, mhasibu, ambaye hata nyumbani alikaa kama yuko nyuma ya dawati.

"Siendi kwa mtu. Naenda kutembea. Nataka kuona milima yenye theluji."

Bi Mnyoosho akajimiminia chai, akaendelea kula.

Jina la Bi Mnyoosho hakupewa na wazazi. Alilipata katika chumba cha kufulia cha hoteli, alikoingia kazini akiwa bado mwali na kutoka akiwa na mvi. Alikuwa akisimama kwenye mashine ya rola, ile inayomeza shuka iliyojikunyata upande mmoja na kuitema upande wa pili ikiwa bapa na ya moto. Hakuacha shuka ipite na mkunjo. Hakuacha pia neno la upuuzi lipite bila kulinyoosha, liwe limetoka kwa mfanyakazi mwenzake au kwa meneja, na jina likamganda.

Katika chumba kile alifua likizo za watu. Kabla nguo hazijaingia kwenye maji ilibidi mifuko ipekuliwe, na mifukoni mwa wageni alikuta kila kitu: tiketi za treni zenye maandishi asiyoweza kuyasoma, kokoto laini, jani lililokauka, na siku moja kipande cha sukari kilichofungwa kwenye karatasi yenye picha ya mlima mweupe. Alijifunza kutofautisha jasho la mtu aliyefanya kazi na jasho la mtu aliyepanda kilima kwa kupenda mwenyewe. Hilo la pili alilijua kwa kulifua tu. Alipostaafu na kupata kiinua mgongo, alisema moyoni kwamba sehemu yake moja haitakwenda kwenye bati wala kwenye karo ya mtu. Akaikalia kimya mpaka akaona wakati umefika.

Keshoye akaja shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Alikuwa dereva mstaafu, na tangu kaka yake afariki alijiona kama ameachiwa usukani wa nyumba ile. Alivaa shati la kutokea, akakaa kwenye kiti cha kaka yake, akaanza kwa mbali kabisa, kwenye bei ya vitu na mvua zisizotabirika, mpaka akafika alipokuwa akienda. Alisema hakuna anayemkataza mtu kufurahi, lakini mwanamke wa umri wake kwenda peke yake ugenini ni jambo la kuwapa watu la kusema. Akauliza: akianguka huko, nani atamwinua?

"Nikianguka hapa jikoni nani ataniinua?" Bi Mnyoosho alimjibu. "Wewe unakuja kila mwisho wa mwezi. Nitakaa sakafuni nikikusubiri?"

Shemeji akatoa silaha yake ya mwisho. Akasema kaka yake, lau angekuwepo, asingekubali.

Bi Mnyoosho hakupandisha sauti kumjibu.

"Kaka yako alikuwa mume wangu, shemeji. Tulizungumza haya akiwa mzima, akasema tutakwenda tukistaafu. Yeye hakufika. Mimi nimefika."

Mzee aliondoka akiwa amekunja uso, na kikombe chake kilibaki kimejaa.

Pasipoti nayo ilitaka ubishi wake. Afisa alimwambia aweke vidole kwenye kioo cha mashine, mashine ikakataa. Akampa kitambaa afute, ikakataa tena. Akamletea maji, akamletea mafuta, mashine ikashikilia msimamo wake. Miaka ya mvuke, sabuni kali na chuma cha moto ilikuwa imefuta ncha za vidole vya Bi Mnyoosho zikawa laini na ngumu kama mpini wa jembe la zamani. Afisa, kwa aibu, alimweleza kuwa mashine haioni alama.

"Alama zangu zimebaki kwenye shuka za watu," alisema Bi Mnyoosho. "Mwite mkubwa wako."

Mkubwa akaja, akaangalia mikono ile, akatia sahihi.

Vidole hivyohivyo ndivyo vilivyoleta mambo ya kamera. Mhasibu alipoona safari haizuiliki, aliamua angalau aisimamie. Akamletea mama yake simu mpya ya kugusa, nyembamba, inayong'aa, aachane na ile yake ya vitufe. Akamweleza kwamba simu hii ni kila kitu: itapiga picha, itazituma papo hapo, na wao huku watajua kila dakika yuko wapi. Bi Mnyoosho aliyasikia hayo maneno ya mwisho vizuri kuliko yote yaliyotangulia. Akaipokea, akagusa kioo. Kioo hakikugutuka. Akagusa tena, akakandamiza, akasugua kama anayetoa doa. Simu ilimtazama tu.

Mwanawe akamwambia alowanishe kidole kidogo. Akalowanisha, ikaitika mara moja, ikalala tena. Baada ya siku chache akamletea kijikalamu cha kugusia. Ndipo Bi Mnyoosho akaipeleka simu uani kuijaribu kweli. Ukutani paka wa jirani alikuwa akijinyoosha juani, mgongo juu, mkia umesimama, picha ya kupendeza kabisa. Mkono mmoja ulishika simu, mwingine ukatafuta kijikalamu mfukoni, kijikalamu kikaanguka, akakiokota, akagonga kioo, kikafungua kikokotoo, akagonga tena. Alipofanikiwa kupiga picha, ilitoka picha nzuri ya ukuta.

Jioni ile alimrudishia mwanawe simu kwenye boksi lake, na waya wake umekunjwa vizuri.

"Nataka kamera," alisema. "Yenye kitufe kinachobonyea."

"Mama, siku hizi nani ananunua kamera?"

"Mimi."

Akaenda na binti yake kwenye duka kubwa la vifaa vya umeme, lenye vioo pande zote na ubaridi wa kutengenezwa. Muuzaji mwenye tai alikuja mbio, akamsalimia Bi Mnyoosho kwa heshima zote, kisha akamgeukia binti na kumuuliza, "Anataka ya aina gani?"

Binti akamtazama mama yake.

"Anataka mtu wa kuzungumza naye," alisema Bi Mnyoosho.

Muuzaji akacheka, akaomba radhi, akaleta kamera kubwa nyeusi yenye lenzi pana kama kikombe cha uji. Akaanza kumwaga sifa zake: mamilioni ya nukta, kasi ya hivi, upana wa vile, na lenzi nyingine za kununua baadaye. Bi Mnyoosho aliivaa shingoni, shingo ikaenda mbele. Akauliza inawashwaje. Muuzaji akaonyesha: hapa, halafu hapa, halafu unachagua hapa. Alipoona uso wa mama hauchangamki, akamtuliza kwamba asijali, wajukuu watamfundisha. Bi Mnyoosho hakuwa na mjukuu hata mmoja, na hata angekuwa naye asingempeleka likizo ili akamwashie kamera. Muuzaji akabadili njia, akaleta kamera ya plastiki yenye masikio ya sungura, akisema hii ni rahisi kabisa, hata mtoto anaitumia.

Bi Mnyoosho aliziweka zote mbili juu ya kioo, moja kulia, moja kushoto.

"Hii ya mabingwa, hii ya watoto," alisema. "Kwani sisi wengine hatupo?"

Barabarani binti alilalamika kwamba yule kaka hakuwa na nia mbaya. Mama alikubali kwamba hakuwa nayo. Ila hakupunguza mwendo.

Duka la pili lilikuwa upenyo tu, limebanwa kati ya mchonga funguo na saluni. Mwenyewe alikuwa bwana mnene mwenye miwani iliyohamia kwenye paji la uso, ambaye alitengeneza kamera mbovu, akauza nzuri, na kupiga picha za pasipoti nyuma ya pazia. Mtaa mzima ulimwita Bwana Usicheke, kwa sababu hilo ndilo neno alilomwambia kila aliyekaa mbele ya pazia lake. Bi Mnyoosho alikuwa amepigwa picha pale wiki chache nyuma, na yeye pia aliambiwa asicheke.

Bwana Usicheke hakuuliza ana bajeti gani, wala ana umri gani. Aliuliza jambo ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza mpaka siku ile.

"Unataka kupiga picha za nini, mama?"

Bi Mnyoosho alifikiri. Akasema milima. Madirisha ya watu. Nguo zilizoanikwa. Watu pia, wakikubali.

"Juani au ndani?"

"Juani. Na kwenye baridi."

"Nani atakubebea mkoba?"

"Bega langu."

Bwana Usicheke akashusha miwani machoni, akatandika kitambaa juu ya meza, akapanga kamera kadhaa. Akawa mkweli kwa kila moja. Hii inavuta vya mbali mpaka unaona ndege anavyofumba jicho, lakini inachelewa kuamka. Hii nyembamba inaingia popote, ila vitufe vyake ni punje za mchele. Hii ni nzuri sana, bei yake imeshuka, lakini betri yake haitengenezwi tena; ikifa imekuwa kopo. Bi Mnyoosho alizishika moja moja. Alikuwa na njia yake: alifumba macho, akaiacha kamera ikae kiganjani, akatafuta kitufe kwa kidole cha shahada kama mtu anayetafuta swichi ya taa chumbani kwake. Asipokipata haraka, au akikipata lakini asikisikie kikishuka, aliiweka pembeni. Binti yake, aliyezoea kuchagua vifungo vya nguo kwa macho, alimtazama kwa makini.

Mwishoni mwa safu kulikuwa na moja ya rangi ya manjano iliyokolea kama kiini cha yai. Ilikuwa nene kidogo, ya toleo lililopitwa. Bi Mnyoosho alifumba macho, akaikamata. Upande wa kulia ilikuwa na kinundu cha kushikia, na kidole kikaangukia kitufe chenyewe. Akabonyeza. Kikashuka, kikagota, na kamera ikatoa mlio mdogo wa kuitikia.

Alifumbua macho.

"Hii ina ubaya gani?"

"Rangi," alisema Bwana Usicheke. "Kila anayekuja anataka nyeusi. Halafu ukiwa ndani penye giza, picha zinatoka na chenga."

"Gizani nitalala. Betri?"

Akamfungulia mlango wa chini kumwonyesha. Ilitumia betri za kawaida, zile za tochi na redio, zinazopatikana hata kwenye kibanda cha sigara. Ila akamwonya kwamba baridi huzilaza betri. Zikizimia, asizitupe, aziweke mwilini zipate joto, zitaamka. Juu ya kamera kulikuwa na gurudumu dogo lenye michoro: mlima, ua, mtu anayekimbia, mwezi. Akamshauri aliache kwenye alama ya kijani, kamera ichague yenyewe, na akijisikia jasiri ndipo aligeuze.

"Nitaligeuza," alisema Bi Mnyoosho.

Wakapatana bei. Yeye aliitaja yake, mwenye duka akashika moyo kama aliyechomwa, wakasogeleana, na mwisho ikawa bei ambayo mtu anailipa bila kulia. Bwana Usicheke akaongeza kadi ya kuhifadhia picha na mkanda wa mkononi, akisema mkanda huo ni wa bure kwa sababu nao ni wa manjano.

Mhasibu alipoiona, aliingia mtandaoni papo hapo mezani. Akasoma kwa sauti mwaka ilipotengenezwa na uwezo wake, akailinganisha na ile simu ya kwenye boksi, na kila mstari ulikuwa ushindi wa simu. Alisema kwa masikitiko kwamba mama yake ameuziwa mali iliyolala dukani.

"Na mimi nimelala dukani muda mrefu," alisema mama yake. "Tutaelewana."

Wiki zilizobaki alifanya mazoezi. Kila alasiri alitoka na kamera yake ya manjano mkononi, akazunguka mtaani, akapiga kila kilichotulia na vingine visivyotulia. Mwanzoni alikata watu vichwa. Picha nyingi zilikuwa na kidole gumba chake pembeni, kikubwa kuliko nyumba. Wenye magenge wakaanza kumwita mwandishi wa habari, wakamwuliza habari zao zitatoka lini, naye akawaambia wangoje watengeneze habari kwanza. Shemeji yake alipomwona anakuja nayo alijifunika uso kwa kofia, akalalamika kwa mhasibu kwamba mama yake ameanza kufanya vituko barabarani. Mhasibu alileta malalamiko hayo kwa upole, huku akiangalia dari. Bi Mnyoosho alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia asogee kidogo kulia, mwanga ni mzuri, akampiga picha akiwa hivyohivyo mdomo wazi.

Akasafiri. Kwenye uwanja wa ndege binti alilia, mhasibu akarudia maelekezo, shemeji hakutokea.

Alikwenda na kundi la watalii lililoandaliwa na wakala, watu asiowajua, wengi wao wawili wawili. Kiongozi wao alikuwa dada mwembamba mwenye kibendera, aliyewahesabu kama vifaranga na kuwahimiza bila kuchoka. Kila waliposhuka kwenye basi alitangaza kwamba wana muda wa picha moja tu. Wengine wote walikimbia kusimama mbele ya sanamu au lango, wakapigana picha, wakakimbia kurudi. Bi Mnyoosho hakukimbia. Alisimama, akaangalia kwanza kwa macho yake, akageuza gurudumu, akapiga. Siku ya kwanza kiongozi alimfuata akipunga kibendera na kumwambia kila mtu ameshaingia.

"Mwanangu," alisema Bi Mnyoosho, "mimi nimelipa kuona. Mbio ningekimbia kwetu."

Kuanzia hapo dada akajifunza kuanza kumhimiza yeye kabla ya wenzake.

Mlimani walipandishwa na kibanda kinachoning'inia kwenye waya. Kilipofunguka juu, baridi iliwapiga wote usoni kama kofi. Theluji haikufanana na picha ya kwenye kipande cha sukari. Ile ilikuwa nyeupe tu. Hii ilikuwa na buluu ndani yake, na waridi mahali jua lilipogusa, na vivuli virefu vilivyokunjwa kama shuka kabla ya rola. Bi Mnyoosho alitarajia kufurahi. Kilichomjia kwanza kilikuwa hasira. Kitu kikubwa namna hii kilikuwepo siku zote. Kilikuwepo hapa asubuhi zote alizokuwa akinyoosha foronya, na jua lilikuwa likikiangaza vilevile, na watu wakija kukiona na kurudi na soksi chafu ili yeye afue. Alisimama akitetemeka, meno yameumana, machozi yakimtoka, hata yeye asijue ni ya baridi au ya nini.

Akainua kamera. Ikafungua jicho, ikalifumba, ikazima.

Hakuwa peke yake. Pande zote watu walikuwa wakilaani simu zao zilizozimika kwa baridi, na wale ambao zao zilikuwa hai iliwabidi wavue glavu ili kuzigusa, kisha waruke ruke wakipuliza vidole. Bi Mnyoosho alikumbuka maneno ya Bwana Usicheke. Akatoa betri, akafungua koti, sweta, na sweta ya pili, akazibana kwapani, akasimama mkono umegandamana ubavuni kama mtoto anayepimwa homa. Mume na mke wa kundi lake walimwangalia wakacheka. Naye akawatazama mpaka wakaacha. Alipozirudisha betri kwenye nyumba yake, kamera ilifumbua jicho na kubaki nalo wazi. Akapiga akiwa na glavu zake nene mkononi, kidole kikisikia kitufe kikishuka na kugota. Akapiga mpaka akashiba. Kibendera kilipunga, kikapunga, kikachoka.

Lakini jambo lililomkaa zaidi moyoni halikutokea mlimani. Asubuhi moja, akiwa ameshavaa koti na glavu tayari kwa kutoka, akitafuta ukumbi wa chai katika hoteli yao, alipotea kwenye korido za nyuma na kusikia harufu anayoijua. Mlango ulikuwa wazi, mvuke ukitoka. Ndani, mwanamke wa makamo alikuwa kwenye rola, mpya na kubwa kuliko ile yake ya zamani, lakini rola. Yule mwanamke alidhani mgeni amekuja kulalamika, akajifuta mikono haraka. Hawakuwa na lugha ya pamoja. Bi Mnyoosho akavua glavu, akamwonyesha viganja. Mwanamke akavitazama, akavishika, akageuza vidole. Kisha akapandisha mkono wa shati lake, akamwonyesha kovu refu la kuungua kwenye kiwiko. Wakacheka wote wawili.

Bi Mnyoosho akataka kumpiga picha, akasita. Kule kwao, alipokuwa akianika shuka nyuma ya hoteli, wageni walikuwa wakitokea na kamera zao, wakampiga picha moja mbili na kwenda zao. Hawakuuliza. Hakuwahi kuiona hata picha moja. Mahali fulani duniani, katika nyumba za watu asiowajua, yuko kwenye albamu, kijana, mikono juu, nguo zikipepea. Ni jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu, na lilimuudhi mpaka leo.

Kwa hiyo aliinua kamera kidogo tu, akainua na nyusi, akangoja. Mwanamke akaelewa. Akavua aproni, akatengeneza nywele. Kisha akafikiri, akaivaa tena aproni, akasimama kando ya mashine yake kidevu juu. Bi Mnyoosho akapiga, akamgeuzia kioo kidogo cha nyuma aone. Mwanamke aliangalia muda mrefu. Akaonyesha nywele, akatikisa kichwa, akadai nyingine. Wakapiga nyingine. Ya tatu ndiyo iliyompendeza. Halafu akaipokea kamera bila kuulizwa, akamsukuma Bi Mnyoosho mpaka kwenye rola na kumwekea ncha za shuka mikononi. Hakufundishwa palipo na kitufe. Alikipata mara moja.

Bi Mnyoosho aliporudi kwao alizipeleka picha kwa Bwana Usicheke zisafishwe, na ile ya tatu akaiagizia nakala mbili. Moja aliituma kwa posta kwenye hoteli ile, juu ya bahasha pamechorwa mashine ya rola kwa sababu hakujua jina la mtu wake. Nyingine akabaki nayo.

Jumapili akazimwaga mezani. Walikuja wote; hata shemeji alikuja, kwa madai kwamba alikuwa akipita. Walizipekua kwa haraka, kisha polepole, na mhasibu akaanza kurudia rundo tangu mwanzo kama anayetafuta kosa kwenye hesabu. Kulikuwa na milima, mingine imelala upande. Kulikuwa na madirisha yenye maua na madirisha yenye soksi. Kulikuwa na mbwa aliyevaa sweta.

"Mama, wewe uko wapi?" aliuliza mwishowe. "Mbona humu huonekani?"

"Mimi mnaniona kila siku. Hiyo milima mliiona lini?"

Lakini binti yake aliipata ile moja alimokuwemo: Bi Mnyoosho mbele ya rola, koti limefungwa mpaka shingoni, shuka mikononi, akicheka meno yote nje. Picha ilikuwa na chenga nyingi, maana chumba kile hakikuwa na mwanga. Ikapita mkono kwa mkono mpaka ikamfikia shemeji. Mzee aliisogeza karibu na macho, akaisogeza mbali.

"Shemeji," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa ya kuhukumu, ilikuwa ya mtu aliyepotea njia. "Umevuka dunia yote hiyo, ukaenda kupigwa picha kazini?"

"Hapo sikuwa kazini," alisema Bi Mnyoosho. "Hapo nilikuwa mgeni. Angalia vizuri."

Aliangalia vizuri. Hakurudisha picha mara moja, na alipoirudisha aliiweka juu ya nyingine zote, kwa adabu. Mhasibu akasema, bila kuulizwa, kwamba rangi za milima zimetoka vizuri kuliko alivyotarajia, na kwamba huenda lile toleo halikuwa baya sana. Mama yake hakumsaidia kulimaliza hilo. Alimwacha atapetape nalo mpaka akanyamaza.

Walipoanza kuondoka, binti alibaki nyuma akiweka picha pamoja. Alikuwa ameshika moja ya dirisha la duka la makoti, makoti yamepangwa kwa urefu, mshono wa kila bega ukionekana. Akauliza kama safari zile za kundi huwa zinakuwa na nafasi kwa mtu wa pili.

"Nafasi ipo," alisema Bi Mnyoosho, akiifunga kamera kwenye kitambaa chake. "Lakini ununue yako. Hii simwazimi mtu."